Singe na Ala Yake: Nani Mwenye Haki ya Kusema Kitu ni Halisi?

Ipo duniani biashara ya mabaki ya vita, na mkono wake umekwisha fika hata vijijini kwetu. Wanunuzi wake hutafuta singe za Wajerumani na Waingereza, na zaidi ya singe zenyewe hutafuta vifuasi vyake: ala, vitundikio vya ngozi vya kuning'inizia ala mkandani, na vishada vilivyofungwa kwenye mipini. Singe isiyo na ala huwa na bei ndogo. Yenye ala yake hupanda bei. Na ikisemwa kwamba ilivaliwa na askari wa Kiafrika katika Vita Kuu ya Kwanza, bei hupanda tena. Penye bei hapakosi ulaghai. Lakini ulaghai siyo unaotutia uchungu zaidi. Tunalotaka kulipinga hapa ni wazo linalouzaa: kwamba mwenye haki ya kusema kitu gani ni halisi ni yule tu anayekinunua.

Tulikuwa Lukole, wilayani Ngara, kwa shughuli za serikali, miaka michache baada ya kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyokuwa huko kufungwa mwaka 2008. Mzee mmoja mkulima alitusimulia juu ya kisu alichorithi kwa babu yake. Kilikuwa kimetokana na singe iliyokatwa ikabaki na urefu wa kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono. Mhunzi alikuwa amekipa mpini wa mti na kuufunga kwa waya wa shaba; ala yake ilikuwa ya ngozi ya ng'ombe yenye manyoya yake, imeshonwa kwa kano. Kwa kisu hicho nyumba ile ilikata mikungu ya ndizi na kupunguzia mibuni kwa vizazi vitatu. Kisha akaja dalali kijana, akakinunua.

Haikupita miezi mingi tukakutana na kijana yule mjini. Alitufunulia kitambaa kwa fahari. Ndani yake mlikuwa na singe yenye mpini wa shaba ya manjano unaong'aa, ala ndefu nyeusi, na kishada chekundu na cheupe. Tulipoukagua mgongo wa ubapa tukaiona taji ndogo na tarakimu mbili za mwaka, kama mzee alivyotueleza. Tukamwuliza mpini wa mti uko wapi, na ala ya ngozi ya ng'ombe iko wapi.

"Nilivitupa, mzee wangu," akajibu. "Vilikuwa takataka za kijijini. Sasa ndiyo imekuwa halisi."

Tuliitikisa ala ile. Ubapa uliokatwa ulicheza ndani ya ala ndefu ukagonga kama mbegu kavu ndani ya kibuyu. Kijana alikuwa amekitupa kitu cha kweli ili atengeneze cha uongo, naye aliamini kabisa kwamba amefanya kinyume chake. Hatumlaumu peke yake. Sisi tuliosoma, tulioshika chaki na kalamu za serikali, hatukuwahi kumfundisha namna ya kukisoma kitu kilichokuwa mkononi mwake.

Basi na tuanze kusoma.

Singe ni neno lililotufikia kutoka Bara Hindi, na maana yake twaijua: kisu au upanga mfupi unaochomekwa kwenye mtutu wa bunduki. Vita vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za jeshi la kikoloni la Wajerumani katika nchi yetu zilikuwa bado na bunduki za zamani za mfano wa 1871, zilizopiga risasi moja moja na kutoa moshi mzito uliomfichua mpigaji. Mwaka 1915 meli ya Rubens iliyovunja kizuizi cha Waingereza ilifika Ghuba ya Manza, karibu na Tanga, ikiwa na bunduki mpya zaidi. Ndiyo sababu singe za Wajerumani zinazopatikana nchini si za mfano mmoja. Ile ya mfano wa 1871 ina mpini wa shaba ya manjano wenye mistari, ubapa wa karibu sentimita 47, na ala ya ngozi nyeusi yenye shaba mdomoni na nchani. Ile iliyotolewa mwaka 1905 kwa bunduki ya mfano wa 98 ina ubapa unaopanuka kuelekea nchani kama kisu cha mchinjaji. Ala zake za awali zilikuwa za ngozi, na vita vilipoendelea zikafuata za chuma.

Alama ya kwanza ya ukweli ni namba. Jeshi la Wajerumani lilipiga namba ya silaha kwenye kikingio cha mkono, na likairudia kwenye chuma cha mdomo wa ala. Sisi tuliozoea mashairi tunalielewa jambo hili upesi. Beti ambalo vina vyake havikubaliani humkera msikilizaji hata kabla hajajua kosa liko wapi. Vivyo hivyo singe na ala zenye namba mbili tofauti ni vitu viwili vilivyokutanishwa baadaye. Huenda askari mwenyewe alivikutanisha vitani, huenda dalali alivikutanisha juzi. Namba zisizolingana si ushahidi wa ulaghai, bali ni sababu ya kuuliza.

Alama ya pili ni mwaka, na hapa wajinga huliwa kila siku. Singe ya Waingereza yenye ubapa wa karibu sentimita 43 imeandikwa 1907. Muuzaji husema, "Tazama, ni ya mwaka 1907." La hasha! Tarakimu hizo ni jina la mfano. Mwezi na mwaka wa kutengenezwa vimepigwa mahali pengine kwenye ubapa huo huo, na ikiwa ilitoka kiwanda cha Ishapore huko Bara Hindi, utakuta herufi RFI. Singe za mwanzo za mfano huo zilikuwa na ndoano kwenye kikingio. Mwaka 1913 ndoano ikaachwa. Mwaka 1916 likaongezwa tundu dogo kwenye kichwa cha mpini la kutolea uchafu. Basi mtu akikuletea singe yenye tarehe ya 1918 na ndoano kubwa, akakwambia haijaguswa tangu kiwandani, mpe maji anywe, kisha mwage.

Alama ya tatu ni vitu vidogo ambavyo mlaghai huvisahau. Nailoni ilivumbuliwa Marekani mwaka 1935. Kwa hiyo ala ya mwaka 1914 haiwezi kuwa na mshono wa asili wa nailoni. Parafujo zenye mfuo wa msalaba kichwani zilienea kuanzia miaka ya 1930. Kwa hiyo haziwezi kuwa zimeshika mpini wa askari wa mwaka 1914. Kama kuna uzi uliokwisha katika wenyewe, mwalimu wa sayansi anaweza kuuchoma mbele ya wanafunzi: sufu hunuka kama nywele zinazoungua, pamba hunuka kama karatasi, nailoni huyeyuka ikafanya kidonge kigumu. Kishada cha kijana wetu kilifanya kidonge.

Na juu ya vishada kuna neno la kuongeza. Katika majeshi ya Wajerumani kwao Ulaya, rangi za kishada zilitambulisha kampuni ya mwenye singe: katika batalioni ya kwanza, kampuni ya kwanza nyeupe, ya pili nyekundu, ya tatu njano, ya nne buluu. Hata kama kishada ni cha zamani kweli, kukikuta kwenye mpini hakuthibitishi kwamba singe hiyo ilivaliwa Bukoba au Tabora. Kifuasi halisi kilichofungwa kwenye historia isiyo yake ni uongo, nao ni mbaya kuliko uongo wa nailoni, kwa maana hauyeyuki motoni.

Alama ya nne ni uchakavu. Singe inayoingia na kutoka katika ala mara elfu huchubuka kwa urefu wake, si kwa upana. Ngozi iliyofunikwa na kitundikio hubaki na rangi tofauti na ile iliyopigwa na jua. Upande unaosugua paja hulainika. Upande wa nje hukwaruzwa na miiba. Kutu ya kweli haina usawa, hula hapa ikaacha pale. Kutu ya tindikali huenea sawasawa kama rangi ya ukuta.

Alama ya tano inahusu vita vya karibu zaidi. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Vita vikaendelea hadi mwaka uliofuata, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Bunduki ya Kichina ya aina ya 56 ina singe iliyo kama msumari wa pande tatu, nayo hukunjwa chini ya mtutu. Haina ala, wala haihitaji ala. Anayekuuzia ala yake anakuuzia hewa. Lakini hapa tunasema wazi kwamba silaha za namna hiyo si vitu vya kukusanywa na raia. Anayetaka kuwakumbuka waliozibeba aende Kaboya, wilayani Muleba, walikolala mashujaa wetu.

Elimu hii yote haina siri. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuishika kwa juma moja. Hata hivyo kuna watakaotuuliza kwa nini tumshughulishe mwanafunzi wetu na vyuma vya wakoloni. Wapo wasomi wanaosema kwamba utamaduni wa Taifa ni ngoma, ngonjera, vinyago na methali, na kwamba singe ya Mjerumani ni uchafu wa ubeberu unaostahili kuyeyushwa pamoja na vyuma chakavu. Hoja hii inasikika kama ya kizalendo. Tukiichunguza tutaona kwamba ni kasumba ile ile iliyogeuzwa nje ndani, maana inakubali kwamba vita vile vilikuwa vya Wazungu na kwamba sisi hatukuwamo.

Tulikuwamo. Waingereza waliposhambulia Bukoba tarehe 22 na 23 Juni 1915, mji uliotekwa na kuporwa na wanajeshi ulikuwa mji wa watu wetu. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalipofika Biharamulo mwezi Juni 1916 na kuingia Tabora mwezi Septemba mwaka huo, waliotembea kwa miguu pande zote mbili walikuwa Waafrika. Pale Dar es Salaam, sanamu ya askari iliyosimamishwa mwaka 1927 imeelekeza singe yake bandarini, na maelfu hupita chini yake kila siku. Je, nayo tuiyeyushe? Au tumfundishe mtoto kuisoma, ajue ni nani aliyeisimamisha, kwa faida ya nani, na ni akina nani wasiosimamishiwa chochote?

Maana wapo wasiosimamishiwa chochote. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, kuhara na homa, wala hawakubeba singe. Walibeba kamba, na kata ya majani kichwani. Nani anakusanya kata? Hakuna soko la kata, kwa hiyo hakuna wa kuighushi, kwa hiyo hakuna wa kuikumbuka. Tukimwachia mnunuzi aamue nini kihifadhiwe, atahifadhi chuma cha mwenye bunduki na kulisahau bega la mwenye mzigo. Hii ndiyo sababu yetu kubwa ya kukataa soko liwe mwalimu wa historia.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana juu ya askari wa zamani wa Wajerumani. Husemwa kwamba katika miaka ya 1960, Ujerumani ya Magharibi ilipoamua kuwalipa malimbikizo yao, wazee walikusanyika Mwanza, lakini wachache tu walikuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare. Mlipaji, asijue nani mkweli, akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani aonyeshe gwaride la silaha. Hakuna aliyeshindwa. Iwapo kisa kimetiwa chumvi au hakikutiwa, fundisho lake ni zito: kitambaa kingeweza kuazimwa, lakini kumbukumbu ya mwili haikuazimika. Uhalisi wa kitu hauwezi kutenganishwa na mtu aliyekitumia.

Turudi sasa kwenye kisu cha Lukole. Mkusanyaji wa ng'ambo angesema singe ile iliharibiwa siku ilipokatwa. Sisi tunasema siku hiyo ndipo ilipokuwa yetu. Mkoa wa Kagera si mgeni wa chuma. Uchimbaji wa Katuruka, karibu na Bukoba, umeonyesha kwamba watu wa nchi hiyo walikuwa wakiyeyusha chuma karibu miaka 2000 iliyopita, na Warongo wa upande wa Biharamulo na Geita wanajulikana kwa ufundi wao wa kufua. Mhunzi aliyeishika singe ya mgeni, akaikata, akaitoa kwenye kazi ya kuchoma watu na kuipa kazi ya kukata ndizi, alifanya tendo la utamaduni lililo kubwa kuliko hotuba nyingi. Mpini ule wa mti na ala ile ya ngozi ya ng'ombe havikuwa takataka. Vilikuwa vifuasi halisi vya silaha ile katika maisha yake marefu zaidi, maana ilikuwa silaha kwa miaka michache na chombo cha mkulima kwa miaka themanini au zaidi.

Mwingine atasema: mali ni ya mtu, na mwenye shida ana haki ya kuuza. Hatubishi, njaa haina adabu. Lakini mzee yule hakuuza alichokijua. Aliuza chuma akadhani ameuza chuma tu. Kama mjukuu wake aliye sekondari angaliweza kumwambia, "Babu, tarakimu hizi ni mwaka, na hii ni alama ya jeshi, na ala hii ndiyo ushahidi wa kazi ya mhunzi wetu," huenda angaliuza, huenda asingaliuza. Lakini uamuzi ungalikuwa wake.

Wala sheria peke yake haitatuokoa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilivilinda vitu vya kale vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Singe ya mfano wa 1871 inazaliwa nje ya mpaka huo. Ni kweli kwamba Waziri alipewa uwezo wa kutangaza kitu kilindwe. Lakini atatangazaje asichokijua, nacho kimefichwa kwenye paa la jikoni Ngara? Ulinzi huanza na mwenye kujua.

Tukifika hapo hatuna budi kutoa onyo, nalo tunalitoa kwa sauti kubwa kuliko yote tuliyosema. Tarehe 8 Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, bomu la mkono liliokotwa na mwanafunzi aliyedhani ni chuma chakavu. Lililipuka; watoto kadhaa walikufa na makumi walijeruhiwa. Mtoto yule hakuwa mjinga wa kuzaliwa. Alijua jambo moja tu juu ya chuma kilichookotwa: kwamba kina bei. Hatukuwa tumemfundisha la pili. Basi kila somo la kutambua mabaki ya vita lianze na amri hii: usiguse, usiokote, usichimbe, mwite mwalimu, naye aite polisi. Elimu ya kusoma vitu ni ya vitu vilivyomo majumbani, vilivyopita mikononi mwa wazazi, si ya vilivyolala ardhini. Anayeichanganya elimu hiyo na uwindaji wa vyuma ana hatari kuliko dalali.

Mwezi Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akatukumbusha kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko tu wa watu. Tumeimba maneno hayo tangu hapo. Sasa tunaomba yatendwe kwa daftari la kurasa mia moja. Kila shule ya sekondari ya Ngara, ya Biharamulo na kwingineko iwe na daftari moja la vitu vya kale vya wanakijiji. Mwanafunzi aende kwa mzee kwa adabu, pamoja na mwalimu wake, na kwa ridhaa ya mwenye kitu aandike: ni kitu gani, kina urefu gani, kina alama gani, kilitoka kwa nani, kimefanya kazi gani, nani alikitengeneza upya. Akichore au akipige picha. Asikisugue kutu, asikipake mafuta, asikinunue. Kitu kibaki kwa mwenyewe. Maarifa yabaki shuleni. Na karibu na ukurasa wa singe pawe na ukurasa wa jembe la Mrongo, na ukurasa wa kata ya mpagazi.

Siku daftari hilo litakapokuwapo, dalali atakapofika atamkuta mkulima anayejua. Atakapovua mpini wa mti na kuutupa, atakuwapo mtoto wa kumwambia, "Kaka, hicho unachokitupa ndicho halisi." Hilo ndilo tunalolitaka. Ala ya ngozi ya ng'ombe ya Lukole hatutaiona tena, imeozea jalalani. Iliyo kwenye nyumba ya jirani bado ipo.